Nyaya Pacha za Tata Ntumba

Ninyi wa karakana mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu nyaya kabla sijayasahau. Mmoja wenu aliongeza kwamba mzee akistaafu, kichwa nacho hustaafu baada ya miezi sita, kwa hiyo nimeanza mapema. Sitaandika habari za vyeo. Nilivyopata vilikuwa vichache na hakuna aliyewahi kuviulizia. Nitaandika habari za mvumo, ile sauti inayokaa ndani ya spika hata kabla muziki haujaanza, na habari za mtu aliyenifundisha kuutafuta unapoingilia. Mengine yaliingia yenyewe nilipokuwa nikiandika, nami nimeyaacha.

Nilianza katika karakana ya simu ya kampuni ya migodi, hapa Kolwezi, nikiwa na cheti cha umeme na shati jeupe. Tata Ntumba, mkubwa wa karakana, ambaye wote tulimwita Tata, yaani baba, aliliangalia lile shati kwa muda, akanitupia jozi ya buti na kunipakia kwenye gari la kwenda mgodi wa Mashamba. Tulitembea asubuhi nzima kando ya shimo tukifuata waya wa simu kutoka nguzo hadi nguzo. Jioni shati lilikuwa na rangi ya udongo, na rangi hiyo haikutoka tena.

Mchana ule alisimama karibu na mashine moja kubwa ya kuchimbia, ya umeme, ambayo ilipoinua mkono wake ardhi ilitetemeka chini ya buti zetu. Alifungua sanduku la simu lililokuwa kwenye nguzo, akanipa kipokezi.

"Unasikia nini mule?"

"Hakuna kintu, Tata."

"Njo vile. Ile mashine iko inakula umeme ya muji muzima, na weye hausikie kintu. Sasa uniambie ju ya nini."

Sikujua. Alinieleza tukiwa tumekaa juu ya jiwe, tukila mihogo ya kuchemsha. Sauti ya simu, alisema, haipiti katika waya mmoja. Inapita katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba, na hakuna hata mmoja kati ya hizo ulioungwa na ardhi. Umeme wa nje ukija kuzisumbua, unazisumbua zote mbili kwa kiasi kilekile. Mwisho wa safari kuna transfoma ndogo, na kazi yake ni kusoma tofauti tu kati ya waya huu na ule. Sauti ya mtu ni tofauti, kwa hiyo inapita. Usumbufu uko sawa pande zote mbili, kwa hiyo unajifuta wenyewe. Vitabu vya Kifaransa vinaiita njia hii simetriki. Ntumba aliziita nyaya pacha, na mpaka leo mimi naziita hivyo.

Niwaeleze alikuwa nani. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, lakini Ntumba mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Alizungumza Kiswahili cha hapa kama mimi. Kiluba cha Kasai nilikisikia kwake pale tu alipojipiga nyundo kidoleni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwimbaji wa besi katika kwaya ya parokia, na hakuvumilia kazi ya kulehemu yenye madonge. Ukimletea kiungo chenye donge alikikata bila kusema neno na kukurudishia waya, ukaanza upya.

Kazi ya gramafoni haikuwa ya kampuni. Tuliifanya Jumamosi alasiri, katika nyumba za mtaa wa Dilala. Makarani, walimu na mafundi wengi walikuwa na gramafoni wakati huo, na karibu zote zilivuma. Ntumba hakupenda fundi anayekimbilia kukata waya. Alitaka kwanza uangalie ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye mkono wa gramafoni hadi kwenye skrubu nyuma ya amplifaya. Katika nyumba saba kati ya kumi ulikuwa umelegea, au mwenye nyumba alikuwa ameung'oa kwa kudhani hauna kazi. Ukiukaza, mvumo unaondoka, nawe unakunywa chai, unarudi nyumbani. Siku hizi nawaona mkianza na amplifaya. Anzeni na skrubu.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa Ntumba mwenyewe. Alikuwa na watoto sita na sakafu ya mbao. Watoto wakiruka sebuleni sindano iliruka nao, basi akaihamishia gramafoni kwenye chumba chake cha kulala, juu ya rafu ya ukuta mnene, na kuvuta waya mita nane hadi kwenye amplifaya sebuleni. Sindano ikatulia, mvumo ukaja, mkubwa kuliko muziki.

Waya wa kawaida wa gramafoni una uzi mmoja katikati, na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo unafanya kazi mbili: unakinga kelele, na wakati huohuo ndio njia ya sauti kurudi. Kwa hiyo kelele inayogusa wavu tayari iko ndani ya muziki. Kwa mita moja haidhuru. Kwa mita nane, ukutani pamoja na nyaya za umeme wa nyumba, umejenga antena.

Ntumba alikaa mbele ya ile gramafoni siku nzima. Kisha akaniita niangalie nyuma ya kichwa cha sindano. "Hesabu miguu," alisema. Ilikuwa minne: miwili ya upande wa kushoto, miwili ya kulia. "Unaona? Hii kintu ilizaliwa pacha. Hakuna mu hii kichwa mahali panapogusa ardhi. Ni batu njo banaharibu, kule mbele, ku fishi."

Na ni kweli. Kila koili iliyo ndani ya kichwa ina ncha mbili zilizo huru, kama laini ya simu. Ni fishi hiyo, yaani plagi ya kawaida, ndiyo inayochukua ncha moja na kuifunga kwenye ardhi. Tuliondoa plagi hizo, tukaweka kwa kila upande nyaya mbili zilizosokotwa ndani ya wavu wake, wavu ukawa ngao tu. Tuliweka plagi za miguu mitatu, na nyuma ya amplifaya kisanduku cha bati chenye transfoma mbili za maikrofoni za zamani. Kulikuwa na kikwazo kimoja: fundi wa kiwandani alikuwa ameunga mguu mmoja wa kushoto na bomba la mkono. Tulikikata kiungo hicho. Msipokikata, upande mmoja utaacha kuvuma na mwingine utaendelea, nanyi mtalaumu transfoma.

Alipoweka santuri, kabla wimbo haujaanza, mke wake alitoka jikoni kuuliza kama umeme umekatika, kwa maana mvumo haukuwepo. Niseme pia ukweli ambao Ntumba aliukiri wa kwanza: zile transfoma zilipunguza kidogo sauti za juu, matoazi yalififia. Alisema afadhali kupoteza matoazi kuliko kusikiliza muziki na kiwanda chini yake. Habari zikaenea, na kwa miaka michache iliyofuata tulifunga nyaya pacha katika nyumba nyingine kama tisa. Zote zilikuwa na sababu ya waya mrefu. Mtu mwenye gramafoni kando ya amplifaya Ntumba alimrudisha nyumbani. Alimwambia hana ugonjwa.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Kampuni ilikuwa ikianguka polepole, vipuri havikuja, na tulifika mahali pa kutengeneza fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yakaja maneno. Wakubwa wa siasa walisema kwamba watu wa asili ya Kasai wamekula kazi za wenyeji na lazima warudi kwao. Karakanani hatukuyazungumza. Kila mmoja alijua jina la mwenzake limetoka wapi. Jina langu ni Ilunga, wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, mkoa wetu huuhuu, hivyo mimi nilikuwa wa upande salama bila kufanya lolote la kustahili.

Jumatatu moja Ntumba hakuja kazini. Watu walikuwa wamepita Dilala mwishoni mwa juma, nyumba kwa nyumba, wakiwatoa Wakasai nje, na familia za Kasai zilikuwa zimekimbilia kwenye stesheni ya treni. Siku ya kwanza sikwenda kumwangalia. Siku ya pili pia. Nilijiambia kwamba kazi ni nyingi, na kazi haikuwepo kabisa. Siku ya tatu mke wangu alifunga unga wa mihogo na samaki wakavu katika kitambaa, akaweka mzigo mezani mbele yangu, akaenda kufua. Nikaenda.

Stesheni ilikuwa imejaa mpaka nje, kando ya reli, watu wamejenga vibanda vya magunia na mabati, wakingoja mabehewa ambayo hakuna aliyejua yatakuja lini. Nilimkuta Ntumba amekaa juu ya sanduku, anafungua redio ya mtu kwa ncha ya kisu. Mke wake alipokea mzigo, akanishukuru, akageuka kuwafukuza nzi kwa mtoto mdogo aliyekuwa na homa.

"Ulikuya ju ya nini?" Ntumba aliniuliza. "Batakuona."

"Tata, nilichelewa."

Aliendelea na redio. Kisha akasema, "Ile laini ya Mashamba, ya nguzo ya pili toka ku barabara. Hatukufunga sanduku yake. Mvua ikikuya, maji itaingia."

"Nitaenda kuifunga."

"Leo," alisema. "Usingoje."

Nilimwuliza kama kuna kitu anachohitaji kutoka nyumbani kwake. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Akasema mule ndani hakuna tena cha kwake, nami nikashika njia ya Mashamba kwa miguu. Nililifunga sanduku. Simu ya upande wa pili haikuwa na mtu wa kuipokea. Niliporudi stesheni juma lililofuata, kibanda chao na lile sanduku alilokalia havikuwepo. Treni moja ilikuwa imepita.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ningeiruka kama ningekuwa naandikia watu wengine. Karakana ilifungwa miezi michache baadaye, nami nikafungua kibanda cha kutengeneza redio. Watu wakaanza kuleta gramafoni. Malalamiko yalikuwa yaleyale: inavuma, au plagi haiingii. Nilipogeuza ya kwanza niliona plagi za miguu mitatu, na viungo vilivyolehemiwa bila donge hata moja. Aliyeichukua katika nyumba ya waliokimbia alichukua gramafoni akaacha kisanduku cha transfoma nyuma ya amplifaya, kwa kuwa hakujua kazi yake. Bila kisanduku, zile nyaya hazikumfaa kitu. Na katika mji mzima aliyejua namna ya kuzirudisha kuwa za kawaida nilikuwa mimi peke yangu.

Niliirudisha ile ya kwanza. Ya pili pia. Nilijua nyumba zilikotoka, nilikuwa nimekunywa chai ndani yake. Kazi yenyewe ni ya saa moja: unakata pacha, unaunga waya wa kurudi na wavu, wa mbele katikati ya plagi, ardhi ya mkono unaiacha peke yake. Mikono yangu ilifanya vizuri. Wenye kuzileta hawakuuliza chochote, nami sikuuliza chochote, na aliyekataa kazi za namna hiyo siku zile aliitwa rafiki wa Wakasai, mbele ya mlango wake, kwa sauti.

Ya tatu aliileta Kapenda. Alikuwa karani wa stoo katika karakana yetu, mtu mpole, aliyezoea kututolea risasi ya kulehemu zaidi ya tuliyoandikiwa. Alipewa nyumba ya Ntumba. Sijui kama aliiomba au alipangiwa, na hakuwahi kuniambia. Aliiweka gramafoni juu ya meza yangu.

"Mi niliikuta mu chumba, Ilunga. Ampli balishabeba bengine. Nilinunua ingine, minaiunga, inavuma tu yenyewe."

"Hii ni ya Tata Ntumba," nilisema.

"Minajua."

Niliichukua, nikageuza kichwa cha sindano kwenye mwanga, nikakaza uso kama daktari. Nikamwambia koili imekatika ndani, kichwa cha namna hii hakipatikani tena, na bila kichwa hiki ni ubao tu. Katika miaka yangu yote ya kazi huo ndio uwongo pekee niliomwambia mteja. Kapenda alitikisa kichwa taratibu, akasema basi, nikiona vipuri vyovyote vya kutoa ndani yake nivitoe. Akaiacha, akaondoka.

Nilikusudia kuipeleka Kasai. Treni hazikutembea, halafu kukawa na vita, halafu sikuwa na anwani. Nilitengeneza kisanduku kingine cha transfoma ili tu kuhakikisha kwamba mashine ni nzima. Ilikuwa nzima. Jumapili moja baada ya misa niliweka santuri, na Jumapili iliyofuata tena. Mke wangu aliifuta vumbi kwa uangalifu kuliko vitu vyetu. Hivyo ndivyo nilivyomnyima mtu mmoja mali ya Ntumba kwa uwongo, na mwisho wake mali hiyo nikawa nayo mimi, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kampuni mpya zilipokuja, zile za kuchambua tena mchanga wa zamani wa migodi huko Kingamyambo, nilipata kazi ya kutunza redio za mawasiliano, ambako ndiko mlikonikuta. Mchana mmoja, nikiwa nyumbani kwa likizo, mwanamke alishuka kwenye taksi-moto, ile pikipiki ya abiria, mbele ya mlango wangu, amevaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa.

"Jambo, Tata Ilunga. Mi ni Beya, mutoto wa Tata Ntumba. Wa tatu."

Wakati ule alikuwa ndiye mrukaji mkubwa wa sebuleni. Sasa alikuwa fundi wa maabara huko huko Kingamyambo, mwaka wa kwanza. Mtoto aliyekuwa na homa pale stesheni, aliniambia bila kuulizwa, alikufa ndani ya behewa kabla ya kufika Mwene-Ditu. Baba yake yuko Mbuji-Mayi, kule Kasai, anaona vibaya ila anasikia vizuri. Nilimkaribisha ndani, nikajikuta nimesimama kati yake na ile gramafoni, kama ningeweza kuificha.

"Nilienda kuona nyumba yetu," alisema. "Tata Kapenda alinifungulia, alinionyesha byumba byote. Njo yeye alinituma hapa. Alisema: mashine ya papa yako iko kwa Ilunga, iko muzima, enda kuichukua."

Nilikaa chini. Nilimweleza yote, pamoja na zile gramafoni mbili nilizozirudisha. Alisikiliza akiwa amegeuza macho kwenye ukuta. Alipoongea, aliniuliza kama ningeweza kumwekea nyaya za kawaida. Chumba alichopanga kina amplifaya ndogo, itakaa kando ya gramafoni.

Nilimwambia kisanduku nitampa, ni chake, pacha zinaweza kubaki.

"Siku ikiharibika nitamutafuta nani, Tata? Weka ya kawaida. Kila fundi ataijua."

Alikuwa na haki, na kwa mita moja hakuna sikio litakaloona tofauti. Matoazi hata yangerudi. Nilikata viungo vya baba yake kimoja baada ya kingine, yeye ameketi mbele yangu. Ilinichukua alasiri nzima badala ya saa moja. Nilipomaliza alipiga simu Mbuji-Mayi, akanipa.

"Tata, ni Ilunga."

Aliniuliza habari za mke wangu na za watoto, kwa majina yao, hata yule aliyezaliwa mwezi mmoja kabla hawajaondoka. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaisikiliza?"

"Ndiyo, Tata. Kila Jumapili."

"Ju ya nini haukukuya siku ya kwanza?" aliuliza.

"Niliogopa."

"Eh," alisema. "Nilikungojea siku ile. Siku ya pili nilishaacha." Halafu akaomba nimrudishie mtoto simu.

Kesho yake nilikwenda Dilala. Kapenda alikuwa kwenye baraza, anachambua maharagwe pamoja na mke wake. Alinisogezea kiti. Sikuona sababu ya kuzunguka, nikamwuliza alijua lini.

"Mwaka ule ule," alisema. "Nilipita kwako, Jumapili, nilikuwa natoka ku kanisa. Nikasikia diski. Hakuna mvumo hata kidogo. Nikajua ni ile."

"Na ukanyamaza miaka hii yote."

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, akiyaweka moja moja kwenye ukingo wa sinia.

"Ningesema nini, Ilunga? Mi nilikuwa nalala mu chumba chake."